Ray Lewis alikiri kosa, Mhariri

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa Tanga, nikilinunua stendi kila Jumamosi, na siku hizi nalisoma kwenye simu hapa Clarkston, Georgia, kabla sijaingia kazini. Miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Lakini makala yenu kuhusu Ray Lewis, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Baltimore Ravens, ile yenye picha kubwa ya sanamu yake nje ya uwanja wa Baltimore, siwezi kuiacha ipite. Mmeandika kwamba mwaka 2000 mahakama ilimkuta hana hatia. Si kweli. Mimi ni mkalimani wa mahakamani, na maneno hayo ndiyo yanayonilisha.

Alfajiri ya 31 Januari 2000, saa chache baada ya Super Bowl, fainali ya mpira huo, hapa jirani Atlanta, ulizuka ugomvi nje ya klabu moja eneo la Buckhead na vijana wawili wakauawa kwa visu. Lewis na wenzake wawili walishitakiwa kwa mauaji. Juni, kesi ikiwa inasikilizwa, waendesha mashitaka walikubaliana naye: shitaka la mauaji lifutwe, yeye akiri kosa dogo la kuzuia haki isitendeke, maana asubuhi ile aliwapa polisi maelezo ya kupotosha, kisha atoe ushahidi dhidi ya wenzake. Akakiri. Alipewa mwaka mmoja wa kuwa chini ya uangalizi, na NFL, ligi ya mpira huo, ikamtoza faini ya dola 250,000. Waliokutwa hawana hatia ni wale wawili, siku chache baadaye. Ninyi mmempa Lewis hukumu ya wenzake! Suti yake nyeupe ya usiku ule, ambayo haikuonekana tena, mmeipa aya nzima. Kukiri kwake hakukupata hata mstari mmoja.

Sisemi kwamba aliua. Hakuna mahakama iliyosema hivyo, na ninyi msiseme. Ila kufutiwa shitaka ni jambo moja, kukutwa huna hatia ni jambo lingine, na anayekiri kosa, hata likiwa dogo, amepatikana na hatia.

Mtaona nashikilia vijineno. Basi niwaeleze. Kuna kijana mmoja Mkongo, mzaliwa wa Uvira, nilimtafsiria kwenye kesi ya ugomvi wa kuegesha magari. Aliambiwa akikiri kosa dogo, lile kubwa linafutwa na jioni analala kwake. Nilimtafsiria kila neno aliloulizwa na jaji, akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, haraka haraka kama anayeitikia dua. Mkalimani haruhusiwi kushauri. Nikaona kabisa kwamba hajaelewa, nikabaki na ulimi wangu mdomoni. Nje kwenye korido ndugu zake walimkumbatia wakimwambia ameshinda. Baada ya miezi kadhaa alinifuata kanisani na karatasi aliyoikunja mara nne. Ilikuwa fomu ya kazi, kiwanda cha kuku. Palipoulizwa kama amewahi kupatikana na hatia alikuwa ameweka alama kwenye "hapana", kwa kalamu ya bluu, ameikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Kiwanda kilichunguza, kikaona, kikamfukuza kwa kusema uongo. "Papa, banasema nilidanganya," aliniambia. "Nilidanganya wapi?" Hakudanganya, Mhariri. Aliandika kile ambacho kila mtu alimwambia, na watu wale waliyatoa wapi kama si kwenye magazeti yanayoandika kama mlivyoandika ninyi?

Na msinijibu kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Tanzania ina sheria ya makubaliano ya kukiri kosa tangu 2019, na wapo wanaosaini leo wakidhani wamesamehewa.

Halafu kwenye kurasa zenu za mbele mambo yanageuka. Kijana akikamatwa tu Manzese, kabla hajafikishwa mahakamani, tayari ni "jambazi", na picha yake hiyo hapo, yuko peku. Tajiri na mwenye jina mnamwita "mtuhumiwa" mpaka mwisho, na akishakiri mnamwita asiye na hatia.

Hata mpira wenyewe mmeukosea. Lewis mmemwita beki kisiki. Alikuwa mlinzi wa mstari wa pili, anayesimama nyuma ya wale majitu wa mbele, anausoma mchezo na kuwapanga wenzake kwa sauti. Msimu ule wa 2000 Ravens walifungwa pointi 165 tu katika mechi 16, na Januari 2001, mwaka haujatimia tangu Buckhead, waliwachapa New York Giants 34 kwa 7 kwenye Super Bowl huko Tampa, yeye akawa mchezaji bora wa fainali. Sifa hizo ni zake, alizitolea jasho. Ziandikeni. Hazihitaji hukumu ya kubuni ili zipendeze.

Ninachoomba ni hiki. Sahihisho litoke kwenye ukurasa uleule wa michezo, ukubwa uleule wa picha ya sanamu, si chini ya matangazo ya viwanja. Tena mtafuteni hakimu mstaafu mmoja, mumlipe hata nauli na chai, kila Alhamisi apitie habari zote zenye neno "hatia" kabla hazijachapwa. Akikosekana, nipigieni mimi. Kwenu ikiwa saa mbili asubuhi, mimi huku bado niko macho.

Mkalimani wa mahakamani,
Clarkston, Georgia, Marekani