Ndege ya Mafia: michango na uzito kabla ya Jumatano

Habari zenu wapendwa,

Ndege imepatikana: Cessna Caravan ya siti 12. Tunaondoka Dar Ijumaa saa 2:30 asubuhi, tunarudi Jumapili saa 9 alasiri. Tunakodi ndege nzima, si kiti. Ikitushusha inarudi tupu, Jumapili inakuja tupu kutuchukua, na safari hizo zote tunalipia sisi. Jumla 7,200,000. Tukiwa 12 ni 600,000 kila mmoja. Tukibaki 10 ni 720,000, kwa hiyo anayejitoa aseme leo.

1. Mchango kwa mweka hazina, mwisho Jumatano saa 6 mchana.
2. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na uzito wako kwa kilo. Wa kweli jamani! Rubani anapanga viti na mafuta kwa hesabu hiyo. Ikizidi uwanjani, mabegi yanabaki.
3. Begi moja laini, kilo 15. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki kuingia tumboni mwa ndege.
4. Kuripoti saa 1:30, Jengo la Kwanza la abiria, si la Tatu.

Andika NIPO hapa leo kabla ya saa 3 usiku. Anayeona haya kutaja kilo anitumie pembeni.