Chakula cha paka cha makopo: tuuziwe kwa maelezo tunayoyaelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni namna sisi wakazi wa mijini tunavyowachagulia paka wetu chakula laini, kile kinachouzwa katika makopo na vifuko. Bidhaa hizi sasa zina rafu zake katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, na hata baadhi ya maduka ya dawa za mifugo huweka makopo machache kando ya dawa za minyoo ya kuku. Wanunuzi wengi ninaowaona mbele ya rafu hizo huamua kwa bei, kwa picha iliyo mbele ya kopo, au kwa kuwa paka wa jirani alikipenda. Mimi nashikilia kwamba swali la kwanza ni jingine kabisa, yaani kama kilichomo ndani ni mlo kamili, unaomtosha paka peke yake, au ni kitoweo tu cha kuongezea, na kwamba waagizaji na wauzaji wana wajibu wa kutujibu swali hilo kwa Kiswahili.

Nianze na pingamizi ninalolisikia kila mara, kwamba bibi zetu walifuga paka kwa ugali na dagaa na paka hao hawakudhurika. Ni kweli hawakudhurika, lakini si ugali uliowalinda. Paka wa nyumba ya uani, aliyeingia na kutoka apendavyo, alijitafutia panya, mijusi, ndege na panzi, na alichotupiwa jioni kilikuwa nyongeza ya mawindo yake. Panya akiliwa mzima, pamoja na ini, moyo, mifupa na maji ya mwili wake, humpa paka karibu kila anachohitaji: protini nyingi, mafuta, madini ya mifupa, vitamini A iliyo tayari kutumika, na maji yanayokaribia sehemu mbili kwa tatu ya uzito. Paka anayeishi ghorofa ya nne Upanga au Kariakoo, madirisha yana wavu na mlango haufunguliwi ila kwa hodi, hana nafasi hiyo. Waislamu tunakumbushwa mara kwa mara habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajilie viumbe vya ardhini. Sehemu ya pili ya maneno hayo huwa tunaipita haraka, ilhali ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa maghorofani, kwa kuwa paka aliyefungiwa hana mahali pengine pa kukipata kile kilichokosekana katika bakuli lake.

Mfano ulio wazi zaidi ni taurini, kirutubisho cha jamii ya asidi za amino kinachopatikana katika nyama, hasa ya moyo, na katika samaki na viumbe wa baharini. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea taurini mwilini, lakini paka hutengeneza kidogo mno na huipoteza kila siku kupitia nyongo, kwa hiyo lazima aile. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka anayeikosa huharibika utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huweza kupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, kampasi ya Davis, walichapisha matokeo yaliyoshtua hata viwanda vyenyewe: paka waliokuwa wakiugua moyo uliotanuka na kulegea walikuwa na taurini kidogo katika damu, ingawa walikuwa wakila vyakula vya viwandani vilivyoaminika kuwa vimekamilika, na walipoongezewa taurini wengi wao walipata nafuu. Tangu viwanda viongeze kiwango, ugonjwa huo umekuwa nadra kwa paka wanaolishwa chakula kamili.

Katika habari hiyo kuna jambo linaloyahusu makopo moja kwa moja. Viwango vinavyofuatwa Marekani hudai chakula cha kopo kiwe na taurini mara mbili ya chakula kikavu, yaani asilimia 0.2 badala ya 0.1 ya uzito uliobaki baada ya maji kuondolewa, kwa sababu upishi wa ndani ya kopo hukibadilisha chakula kiasi kwamba bakteria wa utumbo huiharibu taurini kwa wingi zaidi. Kiwanda kinachotengeneza chakula kamili hulazimika kulihesabu jambo hilo. Jodari anayechemshwa nyumbani na supu yake kumwagwa hana anayemhesabia, na sehemu ya taurini yake imekwenda na hiyo supu.

Tofauti niliyoitaja, ya mlo kamili na kitoweo, huandikwa nyuma ya kopo, kwa maandishi madogo. Katika bidhaa zinazofuata utaratibu wa Ulaya neno la kutafuta ni «complete», yaani kamili, na neno la kuwa macho nalo ni «complementary», yaani cha nyongeza. Kwa mtu mwenye haraka, tena asiyezoea Kiingereza, maneno hayo hufanana kama mapacha. Bidhaa za Marekani huandika sentensi nzima inayosema kwamba chakula kimetimiza viwango vya paka wa umri fulani, au kwamba ni cha kulisha mara mojamoja. Makopo ninayoyahofia zaidi ndiyo yanayopendeza kuliko yote: minofu myeupe ya jodari au kuku katika mchuzi mwepesi, na orodha ya viungo isiyozidi vitatu au vinne, yaani samaki, maji na wali kidogo. Mengi ya namna hiyo hutoka Thailand, nchi ambayo viwanda vyake vya jodari vimeifanya kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa chakula cha paka duniani. Hayana ubaya wowote, na paka huyapenda kupita kiasi, ila mengi yake ni kitoweo. Orodha fupi humvutia mnunuzi kwa sababu inaonekana safi, lakini chakula kamili cha kiwandani kwa kawaida huwa na orodha ndefu, kwa kuwa taurini, vitamini na madini huongezwa na kutajwa kimoja kimoja. Kanuni ya kawaida ya madaktari wa mifugo ni kwamba vitoweo na zawadi za namna hii visizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu anayopata paka kwa siku.

Ladha, kwa maoni yangu, haistahili muda tunaoupoteza juu yake. Katika utaratibu wa Ulaya kopo linalosema lina jodari ndani yake linaweza kuwa na jodari asilimia 4 tu, na sehemu iliyobaki ikawa kuku, maini au nyama nyingine, na paka asipungukiwe na kitu. Jambo la muhimu zaidi ni umri, kwani mtoto wa paka anahitaji chakula kilichoandikwa kuwa cha ukuaji, na chakula maalumu cha figo au cha mawe ya kibofu kisinunuliwe ila kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusumbuke na makopo ilhali chakula kikavu ni nafuu na hakiharibiki upesi. Jibu ni maji. Paka wetu ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame ambaye maji yake mengi yalikuwa katika mawindo, na hadi leo kiu yake ni hafifu. Chakula kikavu kina maji asilimia 10 hivi. Chakula laini kina asilimia 75 hadi 85. Paka anayekula punje kavu hunywa zaidi, lakini kwa kawaida hafidii pengo lote, na mkojo wake huwa mzito. Kwa paka dume, ambaye njia yake ya mkojo ni nyembamba, hilo linaweza kuwa suala la uhai: chembechembe na ute hukusanyika, njia huziba, na mnyama asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Dume anayeingia kwenye mchanga wake mara kwa mara, akichuchumaa na kulia bila kutoa tone, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, asingojewe hadi asubuhi kwa kudhaniwa kuwa tumbo limefunga. Sisemi kwamba chakula laini huzuia kila tatizo la mkojo, ila paka aliyewahi kuzibwa akapona, na paka mzee mwenye figo dhaifu, hao ndio ningewapa kopo kwanza kama fedha hazitoshi kwa wote.

Maji hayohayo ndiyo yanayowachanganya wanunuzi wanaojitahidi kusoma. Kifuko huandikwa protini asilimia 8 na mfuko wa chakula kikavu huandikwa 30, na mtu huona ameuziwa maji kwa bei ya nyama. Hesabu ya haki huanza kwa kuyatoa maji. Kifuko chenye maji asilimia 82 kimebakiwa na sehemu 18 za chakula chenyewe, na 8 katika 18 ni kama asilimia 44. Mfuko mkavu wenye maji asilimia 10 umebakiwa na sehemu 90, na 30 katika 90 ni kama asilimia 33. Kwa hiyo kifuko kilichoonekana hafifu ndicho chenye protini nyingi zaidi katika chakula halisi, jambo linalomfaa mnyama ambaye kwa maumbile ni mla nyama.

Hata hivyo siwezi kumshauri kila mtu amlishe paka wake vifuko vitupu, kwa kuwa gharama yake inajulikana. Paka mzima wa kilo 4 anayekaa ndani huhitaji kilokalori 200 hivi kwa siku, na kifuko cha gramu 85 kwa kawaida hutoa kama 70 hadi 80, maana yake ni vifuko vitatu kwa siku kwa paka mmoja. Nyumba nyingi haziwezi, na hazina sababu ya kuona haya. Kifuko kimoja kilicho kamili, kikiambatana na punje kavu zilizopunguzwa kwa kiasi hichohicho, kinafaa, na vijiko vichache vya maji ya uvuguvugu juu ya punje havigharimu kitu. Kinachokosesha faida yote ni kuongeza kifuko bila kupunguza punje, matokeo yake ni hawa paka wanene wanaohema wakipanda ngazi.

Hali yetu ya hewa nayo iamue ukubwa wa kopo. Mwenye paka mmoja akinunua kopo la gramu 400 kwa kuwa linaonekana la bei nafuu, atalazimika kutunza mabaki katika jokofu kwa siku mbili au zaidi, na umeme ukikatika hesabu yake imeharibika. Chakula laini kilichowekwa sakafuni katika joto la Dar es Salaam kisikae zaidi ya saa moja hivi, kwani nzi na bakteria hawangoji. Kopo lililovimba lisifunguliwe wala lisinunuliwe. Na chakula kilichotoka kwenye jokofu kipashwe kidogo, kwa mfano kwa kukitumbukiza kifuko kilichofungwa vizuri katika bakuli la maji ya moto, kwa sababu paka hupenda chakula chenye joto linalokaribia la mwili na hukikataa cha baridi, kisha mwenye paka huenda dukani kulalamika kwamba amepewa aina mbovu.

Juu ya kukataa kula kuna usemi mmoja nyumbani ambao naomba tusiutumie kwa paka, nao ni ule wa «atakula akishikwa na njaa». Kwa mbwa huenda ukafaa. Kwa paka, hasa mnene, kukaa siku mbili tatu bila kula kunaweza kusababisha mafuta yajae katika ini, ugonjwa ambao matibabu yake ni magumu na ya gharama kubwa. Chakula kipya kichanganywe na cha zamani kidogokidogo kwa wiki moja au zaidi, na paka anayegoma kabisa kwa siku nzima atafutiwe sababu.

Ombi langu kwa waagizaji si kubwa. Kila kopo na kila kifuko kibandikwe karatasi ndogo ya Kiswahili yenye mambo manne: kama chakula ni kamili au ni cha nyongeza, ni cha paka wa umri gani, kiasi cha kulisha kwa siku kulingana na uzito, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa kwa utaratibu tuliouzoea. Shirika la Viwango Tanzania na Wizara ya Mifugo na Uvuvi zina wataalamu wanaoweza kukubaliana na wafanyabiashara juu ya maneno ya kutumia, ili kila mwagizaji asijitungie yake. Wenye maduka nao wanaweza kuanza leo, bila kungoja agizo la mtu, kwa kutenganisha rafu mbili, moja ya milo kamili na nyingine ya vitoweo. Na mnunuzi asiyeelewa maandishi ya nyuma ya kopo amuulize muuzaji waziwazi kabla ya kulipa, na muuzaji asiyejua ampigie simu aliyemletea mzigo.

Wako mtiifu,
Msomaji na mfugaji wa paka,
Upanga, Dar es Salaam