Rimoti ya mashine ya CNC ieleweke kwa vidole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu rimoti za mkononi za kuendeshea mashine ndogo za CNC, yaani mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Rimoti hizo vijana wetu wanazibuni wenyewe kwa Arduino au ESP32, vibodi vidogo vya kielektroniki vinavyopangiwa programu, ili kuziendesha mashine za kuchongea mbao, plastiki na alumini zinazotumika majumbani na katika karakana ndogo. Mimi ni fundi umeme ninayefanya kazi na maseremala wa Keko, na rimoti ninazoletewa kuzifunga au kuzirekebisha zina kasoro inayofanana: aliyeibuni alikuwa amekaa mezani akiitazama rimoti yenyewe, ilhali atakayeitumia atakuwa ameinama juu ya mashine akiitazama ncha ya biti, yaani kisu cha kukatia.

Kuchonga kwenyewe hufanywa na programu. Rimoti inahitajika kabla ya hapo, pale fundi anapoipeleka biti mahali pa kuanzia, na hasa anapoweka sifuri ya mhimili wa Z, yaani kuijulisha mashine kimo cha uso wa ubao katika mwelekeo wa kupanda na kushuka. Asiye na kifaa maalumu cha kupimia hulaza karatasi ya kawaida, yenye unene wa takriban milimita 0.1, juu ya ubao wake wa mninga, kisha huishusha biti kidogo kidogo, mota ya kukatia ikiwa imezimwa, huku akiivuta karatasi mbele na nyuma kwa vidole vya mkono mmoja mpaka aone imeanza kushikwa. Macho yako kwenye ncha, mkono mmoja uko kwenye karatasi, na mkono uliobaki lazima ufanye kazi kwa kupapasa. Mkono huo ukipewa simu yenye kioo kitupu hauwezi kujua kama kidole kimekaa juu ya alama ya kupandisha au ya kushusha, na ndiyo maana nasema bila kuuma maneno kwamba simu haifai kwa kazi hii, hata programu yake ingekuwa nzuri kiasi gani.

Kinachofaa ni gurudumu la kuzungusha kwa mkono, pamoja na swichi mbili za kuzungusha zenye ncha inayoshikika, moja ya kuchagua mhimili na nyingine ya kuchagua ukubwa wa hatua. Magurudumu ya aina ya viwandani huwa na mibofyo 100 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hesabu yake haimsumbui mtu: kwa hatua ya milimita 0.01 mzunguko mzima ni milimita moja, na kwa hatua ya 0.1 ni milimita kumi. Wapo wanaoiga rimoti za viwandani hadi kwenye hatua ya milimita 0.001, jambo ambalo kwa mashine zetu ni pambo tu. Mota ya stepa, yaani inayozunguka kwa hatua, yenye hatua 200 kwa mzunguko, ikiwa draiva yake (kifaa cha kuiendesha) inaigawa kila hatua mara nane na skrubu yake inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, haiwezi kusogea chini ya milimita 0.005 kwa mara moja. Fundi atabofya mara tano ndipo mashine isogee mara moja, naye atadhani rimoti imeharibika. Afadhali swichi ile iwe na 0.01, 0.1 na 1, pamoja na nafasi ya kuzima kabisa ili gurudumu likiguswa kwa bahati mbaya lisilete madhara. Vile vitufe vidogo vya kuzungusha vya bei nafuu, vyenye mibofyo 20, vinatosha kwa kujifunzia, lakini swichi zake za ndani hurukaruka, na mbofyo mmoja unaweza kuhesabiwa kuwa miwili.

Tatizo linaloniudhi zaidi limo ndani ya programu. Mbunifu huandika kwamba kila mbofyo utume amri moja ya kusogea, na mtumiaji akizungusha gurudumu kwa kasi amri hizo hupanga foleni, kisha mkono unasimama na mashine bado inakwenda, kama daladala ambayo konda ameshagonga bodi ateremshe abiria na dereva hana habari. Kwa wanaotumia Grbl, programu ya ndani ya kibodi inayoziendesha mota za mashine, toleo la 1.1 lina amri maalumu ya kusogeza inayoanza na $J= na pia lina alama ya kufuta msogeo huo papo hapo, yaani baiti 0x85. Rimoti iliyobuniwa vizuri hutenganisha hali mbili. Katika hatua ndogo kila mbofyo ni deni lazima ulipwe, maana fundi anahesabu kwa kidole. Katika hatua kubwa kasi ya mkono ndiyo amri, hivyo programu itume misogeo mifupi mifupi, na gurudumu likitulia itume alama ya kufuta, itupe mabaki, kisha isome upya mahali mashine ilipo. Misogeo mifupi ina faida nyingine: mawasiliano ya Wi-Fi au Bluetooth yakikatika katikati ya safari, mashine itasogea kidogo tu na kusimama.

Kuhusu kitufe chekundu cha dharura sina subira. Kitufe hicho hakipaswi kuwa ombi linalopelekwa kwa programu ili iamue yenyewe. Kiwe cha kubaki chini kikibonyezwa, chenye swichi ambazo kwa kawaida zimefunga (yaani zinapitisha umeme mpaka kibonyezwe), na waya zake zipite moja kwa moja kwenye kontakta inayokata umeme wa mota, ili hata waya ukikatwa na panya mashine isimame yenyewe. Kukiachia kitufe kusiiwashe mashine. Hilo lifanywe kwa kitufe kingine. Rimoti isiyo na waya inaweza kuwa na kitufe cha kusimamisha, lakini kile cha dharura chenye waya lazima kiwepo pia kwenye fremu ya mashine, kwa sababu rimoti iliyoishiwa betri ina kitufe chekundu kinachomdanganya anayekitegemea. Kusitisha kazi kwa muda, ambako Grbl hukufanya kwa alama ya mshangao bila kupoteza mahali ilipofikia, ni jambo tofauti, na kitufe chake kiwe na umbo na rangi nyingine.

Yapo na madogo. Inveta ya mota ya kukatia hutoa kelele ya umeme inayoingia kwenye waya mrefu wa rimoti na kuzaa mibofyo ya uongo, kwa hiyo gurudumu lenye njia nne (ishara mbili, A na B, pamoja na kinyume cha kila moja) na kebo yenye ngao vinastahili gharama yake. Sumaku ya kubandikia rimoti huvuta chenga za chuma, ndoano ni bora. Mlio wa tahadhari hausikiki kwa mtu aliyevaa vizuia kelele masikioni.

Ombi langu ni kwa walimu wa VETA na wa vyuo vya ufundi wanaosimamia kazi za wanafunzi. Mwanafunzi akileta rimoti ya namna hii, apewe seremala ambaye hajawahi kuiona, aelekezwe mara moja, kisha skrini ifunikwe kwa kitambaa na aambiwe aweke sifuri kwa karatasi. Baada ya hapo mwalimu achomoe waya mmoja wa kitufe cha dharura mashine ikiwa inatembea bila biti, na alama za mradi zitolewe kufuatana na kitakachotokea.

Fundi umeme,
Keko, Dar es Salaam