Programu ya kusahihisha tasnifu iulize, isisifu

Ndugu Mhariri,

Siku hizi kikao cha idara hakiishi bila mtu kupendekeza tutengeneze programu ya akili unde ya kuwapa wanafunzi mrejesho wa tasnifu zao. Sipingi. Nasimamia tasnifu za Kiswahili, na rasimu zikianza kumiminika, mwanafunzi hukaa hata wiki tatu bila kusikia neno kutoka kwangu. Ninachokataa ni programu ya kusifu na kupiga pasi sentensi.

Mwanafunzi mmoja aliniletea sura ya nne aliyokwisha kuipitisha kwenye programu ya namna hiyo. Lugha imenyooka, hata nukta mkato zimekaa mahali pake. Ameambiwa kazi yake ina mtiririko mzuri. Nikarudi sura ya tatu: wahojiwa 40. Majedwali ya sura ya nne: 36. Wale wanne wamekwenda wapi? Hajui, na hakuna aliyemwuliza. Tena lengo mahsusi la pili lilihusu nyimbo za unyago. Uchambuzi wote ni wa nyimbo za harusi!

Ugonjwa huu si wa leo. Mwaka 2014 Les Perelman, mtaalamu wa uandishi wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na wanafunzi kadhaa waliunda programu ya kutunga insha zisizo na maana yoyote, zilizojaa maneno mazito. Mashine za kusahihisha zikazipa alama za juu. Za sasa zina uwezo kuliko zile, nakubali, ila wahojiwa wangu wanne hazikuwaona.

Basi watengenezaji waanzie kwenye rasimu zilizosahihishwa na wasimamizi. Kazi yetu iko pale pembezoni mwa kurasa: "Chanzo?" "Hoja hii ni yako au ya nani?" "Linganisha na uk. 12." Programu ijifunze kuuliza hivyo, itaje ukurasa, na isimwandikie mwanafunzi hata sentensi moja. (Anayetaka kuandikiwa, wa kumwandikia kwa pesa wapo mitaani tangu zamani.) Ifunguke pia kwenye simu ya bei nafuu, maana kompyuta mpakato si kila mtu anayo.

Wenye rasimu waombwe ridhaa kwanza, na majina yafutwe. Mimi nina kabati zima la nakala zenye wino mwekundu. Idara ikiandaa fomu za ridhaa, nitaanza kuwapigia simu waliokwisha kuhitimu.

Msimamizi wa tasnifu,
Morogoro