Barua ya wazi kwa mjomba anayegombana na mita ya LUKU

Mjomba, shikamoo.

Malalamiko yako yamefika kwa njia zote: sauti ya dakika sita ya WhatsApp, picha ya risiti iliyokunjwa mara nne, na salamu kupitia kwa mama kwamba kwenye mita yako ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ameingia mdudu anayekula uniti. Ninakujibu hadharani kwa sababu wajomba wenye mdudu huyo ni wengi, na kila mmoja anadhani wa kwake ni wa pekee.

Tuanze na elfu kumi uliyonunulia umeme. Nyumba ya kawaida mjini iko kwenye daraja la bei liitwalo T1, ambako uniti moja, yaani wati 1,000 kwa saa nzima, ni shilingi 292. Bei hiyo ilipangwa mwaka 2016. Juu yake hukaa VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini, inayoandikwa REA, asilimia 3, na ya EWURA, msimamizi wa huduma za nishati na maji, asilimia 1. Jumla asilimia 22, kwa hiyo uniti inakufikia kwa shilingi 356 na senti. Gawanya elfu kumi kwa hiyo, utapata uniti 28 na kidogo. Zikija 28, hakuna aliyekuibia.

Wewe ulipata 15. Hapo ndipo ulipoanza kutaja majina ya watu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Mwanzoni ilikuwa elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya chini, na kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 ni 1,500. Ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, ila hilo halikuhusu, labda mpaka utakapomaliza zile nondo zilizosimama juu ya bati tangu enzi za Mkapa. Kodi hukatwa mara moja kwa mwezi, unaponunua kwa mara ya kwanza. Elfu kumi ikitoa 1,500 inabaki 8,500, ambayo ni uniti 23.9. Ukikaa miezi miwili bila kununua, mwezi wa tatu deni lote linakusubiri mlangoni: 4,500 inaondoka na unabaki na uniti 15. Ulipokuwa msibani kijijini wiki tisa na nyumba imefungwa, mita haikula umeme, lakini kodi haikwenda msibani. Soma risiti mpaka chini, mjomba, si ile namba ya juu tu. Mchanganuo wote umeandikwa humo.

Na wale wapangaji wa chumba cha uani wenye mita yao wasikatwe mara ya pili kwa jengo lile lile. Chukua namba za mita zote nenda nazo TRA, watoza kodi, zihusishwe na jengo moja. Mpaka utakapofanya hivyo usiwafokee wakikwambia watapunguza kwenye pango. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na mwenye jengo ni wewe, kama unavyotukumbusha kila Idi.

Sasa mdudu mwenyewe. Umewashtaki watoto kwa sababu ya televisheni, hasa siku ya Simba na Yanga. Televisheni bapa ya inchi 32 inakula wati 50 hivi. Mechi nzima pamoja na kelele za wachambuzi kabla na baada, tuseme saa mbili, ni sehemu ya kumi ya uniti: shilingi 36. Ile dabi ya tarehe 8 Machi 2025 ambayo Simba waligoma kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi haikukugharimu hata hizo, maana haikuchezwa. Ilipochezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0, na najua hasira yako ya usiku ule haikutokana na umeme. Waache watoto.

Mtuhumiwa wangu yuko bafuni. Hita ya kuogea inayochemsha maji papo hapo ni wati 4,500, wakati mwingine zaidi. Mtu akioga dakika kumi, robo tatu ya uniti imekwenda. Watu wanne kila asubuhi ni uniti tatu, yaani zaidi ya shilingi elfu moja, kabla hujavaa kandambili. Kwa mwezi uniti 90, na hii ni Dar es Salaam, ambako maji ya bomba Januari yanatoka ya moto bila kuombwa. Mshiriki wake ni birika la umeme. Wati 2,000 kwa dakika tano ni kama shilingi 60, si kitu, ila wewe unalichemsha mara nane kwa siku kwa ajili ya kikombe kimoja kimoja. Hesabu ya mwezi ni uniti 40, zaidi ya elfu kumi na nne. Chemsha mara mbili, jaza chupa ya chai. Mkaza mjomba amelisema hilo tangu zamani.

Friji liangalie kwa noti ya elfu moja. Ifungie mlangoni nusu iwe nje, kisha ivute. Ikiteleza bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, baridi inavuja na mashine haipumziki. Jaribu pande zote nne, hasa kona ya chini upande wa bawaba. Mpira unabadilishwa bila kununua friji jipya. Na lisogeze mbali na ukuta kiganja kimoja, lipumue.

Kama bado unamwamini mdudu, fanya jaribio hili mchana, kwa dakika tano tu. Zima swichi kuu ya nyumba. Nenda kwenye mita yenyewe, si rimoti ya ndani unayoingizia tokeni, utazame taa nyekundu inayopepesa. Ikiacha kupepesa, hakuna kinachovuja nje: kila uniti iliyopotea iliingia ndani ya nyumba yako kwa miguu yake. Ikiendelea kupepesa na swichi kuu imezimwa, basi kuna waya unaovuja au uliochomekwa kati ya mita na swichi. Hapo usipande juu na bisibisi. Toa taarifa TANESCO, waje wenye kazi yao.

Jaribio la pili ni la kupima kama mita inahesabu sawa. Usoni mwake pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600, maana yake ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Washa birika la wati 2,000 peke yake, uhesabu mipepeso ya dakika moja ukitazama saa. Mita ya 1000 ipepese kama mara 33, ya 1600 kama mara 53. Umeme ukiwa mdogo itapungua kidogo. Ikikupa 60 kwenye mita ya 1000, nitakuomba radhi kwa barua nyingine ya wazi.

Kuhusu ombi lako la kurudishwa kwenye "umeme wa mia": hilo ni daraja la D1, la mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti ni shilingi 100, pamoja na kodi 122, ndiyo maana wenye daraja hilo hununua kwa 9,150 kamili. Uniti ya 76 inaruka hadi 350 kabla ya kodi. Hita yako peke yake ni uniti 90. Usijaze fomu, mjomba, utawachekesha watu ofisini.

Uliuliza pia, kwa sauti ya mtu aliyewashika pabaya, kwamba Bwawa la Nyerere limekamilika, mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, sasa kwa nini mtaani kwenu umeme unakatika? Na Machi 2025 ukasikia kaskazini wataletewa umeme kutoka Ethiopia ukakaribia kurusha rimoti. Lile la Ethiopia lina hesabu yake: umeme ukisafiri kutoka Rufiji mpaka Arusha unapungua njiani, na njia ikipata hitilafu kaskazini yote inalala gizani. Lakini serikali ilivyolieleza, hata mimi ningeguna. La mtaani kwenu ni dogo zaidi. Bwawa liko Rufiji, transfoma yenu iko nyuma ya msikiti, na iliwekwa wakati mtaa una nyumba thelathini. Leo kuna ghorofa, mashine mbili za kusaga na saluni tatu. Saa moja usiku ikizidiwa, fyuzi inaruka. Maji ya Rufiji hayana la kufanya hapo. Umeme ukirudi kwa kishindo, friji lichomeke kupitia kifaa cha kulinda friji, kile kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuliwasha, la sivyo mashine itaungua na utamlaumu waziri.

La mwisho ni ile nyumba yako nyingine ya Tanga iliyofungwa. Mita hizi zilihesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na hesabu ikajaa Novemba 24, 2024. Kama mita ile haikuboreshwa, itakataa kila tokeni mpya. Ukinunua utaletewa makundi matatu ya tarakimu 20. Ingiza la kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, subiri ijibu. Kisha la pili. La tatu ndilo lenye uniti. Usiruke. Tokeni ya zamani iliyobaki kwenye droo haitasoma tena baada ya hapo. Betri mpya za rimoti beba kutoka huku, na miwani yako usiisahau, maana mara ya mwisho ulisoma 8 ukaingiza 3 mpaka mita ikakufungia.

Msalimie mkaza mjomba. Mwambie ya chupa ya chai nimekuandikia.

Mpwa wako.