Ami, fomu ya poni imenikalisha macho

Asalaam aleikum Ami, na shikamoo. Sisi wazima huku Somerset, mvua tu ndo haina adabu.

Ulicheka niliposema yule bibi ninayemhudumia ana poni, farasi mfupi wa huku, na kazi ya kumpeleka maonyesho imeniangukia mimi. Sa cheka tena, manake nina fomu hapa mezani toka juzi, kila klasi, yaani kundi la mashindano, na kiingilio chake na natakiwa nichague.

Mwaka jana niliharibu. Nilijaza klasi nne nikasema bora nyingi, nikakesha namsuka nywele za shingo, Ami, twende kilioni safi kabisa, mistari imenyooka, hata mama angenisifu. Kumbe poni wa asili, wa makabila ya kienyeji ya huku, hasukwi! Anaingia na nywele zake vivo hivo, kusuka ni kwa wale wa klasi zingine. Jaji akamzunguka mara moja, akanitazama mimi, akatuweka mwisho. Bibi kwenye kiti chake anacheka mpaka anatoa machozi. Halafu tukaitwa uwanja wa pili na sisi bado tumesimama kwenye ule uwanja wa kwanza, kufika saa nane mchana poni kalaza masikio hataki hata kuguswa.

Huku si kama mashindano ya punda ya Maulidi hapo Lamu, anayefika mwanzo kashinda basi. Jaji anaangalia mnyama mwenyewe, miguu, kifua, mwendo, na kama kweli amefanana na kabila lake. Wetu ni Exmoor, kahawia, na ungemwona ungesema punda huyu, puani na kuzunguka macho rangi imepauka kama katia mdomo kwenye gunia la unga, na wenyewe wanaiita hivo hivo, unga. Hiyo lazima awe nayo. Ila akiwa na doa jeupe kwingine, hata kadogo kipajini, hafai.

Sasa kuna klasi ya poni wa asili wote pamoja na hapo ndo pana mtego. Ukisimama jirani na wale wa Welsh, kabila jingine la poni, wanavorusha miguu, macho ya watu yote kwao, na huyu wetu anatembea kama mtu katumwa chumvi dukani. Si kosa lake, Exmoor ndo mwendo wao, hawapandishi miguu kwa mbwembwe. Kwa hiyo nimechagua ile ya Exmoor peke yao, ya kushika hatamu bila kupanda, ashindane na wenziwe. Na ya pili mjukuu wako apande mi nishike kamba, keshajua kukaa wima siku hizi. Ya kuruka magogo bibi anaitaka sana, nimekataa, mtoto ana miaka 7. Mbili zatosha, manake ukishika namba moja ama mbili unaitwa tena mchana kugombea ubingwa na poni awe bado na nguvu.

Halafu sikujua, ile hospitali ya punda hapo Lamu wenyewe makao yao ni Sidmouth, Devon, jirani zetu hawa! Yule punda wako wa mchanga kidonda cha mgongo kimepona? Mpeleke wamwone, usimtie mafuta ya taa tena Ami, nakuomba.