Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, assalamu alaikum, tumsifu Yesu Kristo, na wengine wote habari za asubuhi.

Mwaka jana mlitutuma jambo moja: watoto wetu walioko vyuo vikuu wasije Tanga likizo ndefu wakashinda barazani. Mkasema tuwatafutie kazi ya utafiti wa viumbe, na tusichukue wa biolojia peke yao. Tulipata sita: wawili wa biolojia, wawili wa hisabati, mmoja wa kemia na mmoja wa kompyuta. Walikaa wiki nane kwenye mikoko ya Tongoni.

Nianze na lililoniudhi. Barua yetu ya kuomba kibali ililala kwenye ofisi moja wiki mbili na ushei, bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana, likatupita. Wenye kuijua pwani wanaelewa: maji yakiwa mafu, bahari haitoki vya kutosha, na huko mbele hufiki. Safari ijayo barua inaondoka Aprili.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima. Unafunga kamba mita 10 kwa 10, unahesabu kila mti ulio ndani, unapima unene wake mita 1.3 kutoka chini. Ila ule mti wenyewe uitwao mkoko, kwa ile mizizi yake iliyotanuka kama miguu, unaupima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Wale wa hisabati walibisha sana hapo: vipi kipimo kimoja kiwe na mahali pawili?

Wiki ya tatu mmoja wao, binti, tope magotini na ndala moja imeshamezwa, akauliza, "Mbona kamba zetu zote ziko karibu na njia ya wavuvi?" Pakawa kimya. Walikuwa wamechagua panapopitika, na kando ya njia ndiko boriti zinakokatwa. Kwa hesabu ile, msitu ungeonekana umekwisha kuliko ulivyo. Wakapiga kura ya namba ili kupata mahali papya, wakaanza upya. Siku tisa za kazi zilikwenda na maji, na kwangu mimi hakuna siku tulizozilipia vizuri kuliko hizo.

Mzee mmoja mvuvi naye aliwasahihisha. Walishaandika kwamba mchu, aina nyingine ya miti ya msitu huo, ni mti wa nyuma, upande wa nchi kavu. Akawavusha hadi mbele, upande wa bahari, kwenye miti ya mililana, akawaonyesha michu mingine imesimama inapigwa na mawimbi. Wa biolojia akakiri kwamba jambo hilo limo kitabuni, hakuwa amefika ukurasa huo.

Sasa posho, maana maneno yamekuwa mengi. Tuliwapa nauli, chakula na kidogo cha mfukoni, na mjumbe mmoja akauliza kwa nini tumlipe mtu anayejifunza. Marekani, Shirika la Taifa la Sayansi linagharamia mafunzo ya namna hii kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza tangu 1987, mara nyingi wiki kama 10 za kiangazi, na mwanafunzi analipwa. Usipolipa, mtoto wa mama muuza samaki atakwenda kutafuta kibarua, na utafiti utabakia wa wenye nazo. (Fedha hizo ni za raia na wakazi wa kudumu wa kule, kwa hiyo naomba msiniletee tena fomu za vijana wenu.) Nami nitaomba posho hii iendelee.

Tukumbuke pia kwamba Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti Amani, hapo juu Muheza, mwaka 1902. Ni zaidi ya miaka mia mkoa huu unachunguzwa. Nataka daftari lishikwe na mtoto wa hapa.

Mahesabu mtayasikia kwa mweka hazina. Tumevuka bajeti kidogo, kwa sababu ya zile siku tisa.

Mwenye chumba cha ziada Tongoni au Mwambani aniandikie jina kabla hatujatawanyika. Na mwenye mabuti ya mpira ya zamani, namba 38 hadi 43, ayalete hata kama hayafanani.